Uzi: Meli ya anasa, usiku wa suti, na mama mkwe wa ushungi. Wazoefu njooni hapa

#1 BintiMakorora

Wakuu, habari za jioni.

Naenda moja kwa moja. Mama mkwe wangu amegoma ndege. Safari iliyopita walirushwarushwa angani mpaka watu wakaanza kusoma shahada, na aliposhuka akatangaza kwamba yeye na ndege basi. Sasa wifi yangu amejifungua kule Philadelphia na bibi anataka kumpakata mjukuu. Mume wangu akaja na wazo la meli: Queen Mary 2 ya Cunard, Southampton hadi New York, usiku saba. Tunaishi Reading, wote tuna pasi za Uingereza, kwa hiyo tusipoteze kurasa kwa mambo ya viza.

Kinachoninyima usingizi ni nguo. Nimesoma masharti yao: kuanzia saa kumi na mbili jioni abiria wanatakiwa wawe wamevaa kwa heshima karibu meli nzima, kisha kuna usiku maalumu wanaouita gala, wanaume taksido au suti nyeusi, wanawake magauni ya sherehe. Mume wangu ni mtu wa Unguja, suti kavaa siku ya harusi yetu na hajairudia. Mama ni mtu wa dera na ushungi, na habadiliki kwa ajili ya mzungu yeyote.

Je, atazuiwa mlangoni? Ataonekana kituko? Na huko ndani kukoje: walevi, muziki wa kupasua masikio, watu nusu uchi? Nataka aliyepanda kweli, si aliyeona video.

#2 KobeMzito

Mimi chombo nilichopanda ni boti ya kwenda Unguja msimu wa kusi, na vazi rasmi lilikuwa mfuko wa kutapikia. Naweka kigoda hapa nisome.

#3 NahodhaWaSahani

Dada BintiMakorora, salamu kutoka Mombasa. Mimi nimekuwa mhudumu wa mezani kwenye meli za kampuni mbili, sizitaji kwa sababu bado nasaka mkataba. Cunard sijafanya, ila ninao wenzangu waliopita huko, na masharti yake kila mtu wa kazi hii anayajua.

Kwanza, hakuna kitu kimoja kinachoitwa mavazi ya meli. Kampuni inachuja wateja kwa kutumia nguo. Norwegian walifuta habari ya usiku rasmi tangu 2000, walipoleta mtindo wa kila mtu ale saa aitakayo na avae apendavyo. Viking hawana usiku rasmi, hawana kasino, hawapakii mtoto wa chini ya miaka 18, kwa hiyo utakuta wastaafu na vitabu vyao. Virgin nao ni watu wazima watupu, lakini hao ni disko: wana usiku mmoja wa kuvaa nyekundu na watu wanaishia bwawani na nguo zao. Carnival wana usiku wa kupendeza, mmoja kwa safari ya siku mbili hadi tano, miwili ikizidi hapo, na hata huo ukija na suruali ya kitambaa na shati la kola umepita. Cunard ndio waliobaki na ukali wa zamani, na wanautangaza kwa sababu ndio wanaouza.

Pili, sharti linashika mahali, halimshiki mtu. Usiku wa gala ambaye hataki kujipamba hafungiwi kabini. Kwenye Queen Mary 2 kuna bafe ya Kings Court, kuna Golden Lion ambayo ni baa ya Kiingereza yenye chakula, kuna ukumbi wa Carinthia. Huko mama anakaa na dera lake lililopigwa pasi na hakuna wa kumwuliza. Anachotakiwa asikanyage na nguo za mchana ni ukumbi mkuu wa chakula, ukumbi wa dansi, na sehemu nyingine za usiku.

Tatu, na hili ndilo lako: vazi rasmi la taifa limeandikwa kabisa kwenye masharti yao, mstari mmoja na taksido, sketi za Waskoti na sare za kijeshi. Kanzu safi, koti jeusi juu, kofia ya viua, basi mume wako ameshamaliza. Atawapita wazee wenye taksido za kukodi zinazowabana kwapani.

Na mlangoni hasimami mlinzi. Anasimama mkuu wa mgahawa, na kule nilikokuwa mimi agizo lilikuwa usimwaibishe mgeni mbele ya wenzake. Tulikuwa na makoti ya kuazima kabatini, saizi zote. Mtu akija na shati tupu unamwita pembeni, unamvisha, anaingia. Mwenye kaptula unamwambia bafe iko juu na leo kuna kamba wazuri.

#4 MchunguziKwamtogole

Samahani wakuu, mimi sielewi. Mtu ametoa hela yake mwenyewe, nyingi, halafu anapangiwa avae nini saa kumi na mbili jioni kama yuko bweni? Huu ni ukoloni tu umepakwa rangi. Zamani tulivalishwa kaptula za kaki tuwapelekee chai, leo tunalipa ili tuvae kama wao wakati wanakula. Dada, chukua hiyo hela ya meli umpeleke mama Umra, mjukuu ataletwa.

#5 BintiMakorora

Umra inapandwa ndege, mkuu.

#6 MzeeWaKumbukumbu

Wanangu, nimefundisha historia muda mrefu, mniruhusu niingie.

Bwana Mchunguzi hajakosea sana, ila kaelekeza mkuki kwenye mti badala ya mnyama. Kuvaa kwa chakula cha usiku kulitoka nyumba za matajiri wa Ulaya kukaingia daraja la kwanza la meli zilizovuka Atlantiki. Abiria wa daraja la tatu, wahamiaji waliokuwa wakikimbilia Marekani, hawakuambiwa wavae chochote. Walikula na nguo walizonazo. Nguo ilikuwa alama ya sakafu unayolala. Ndiyo maana tangu enzi hizo usiku wa kwanza na wa mwisho haukuwa rasmi: masanduku ya tajiri yalikuwa hayajafunguliwa, au yameshafungwa. Mpaka leo usiku wa mwisho abiria huweka mabegi nje ya mlango wa kabini yachukuliwe, na gauni la sherehe liko humo.

Sasa kilichobaki Cunard ni hiki: kila mwanamume kwenye ukumbi anavaa tai ileile, lakini meza inaamuliwa na bei ya chumba. Mwenye chumba cha kawaida anakula mgahawa wa Britannia, aliyelipa zaidi Princess Grill, aliyelipa zaidi ya huyo Queens Grill. Ukiwatazama kwenye dansi huwezi kuwatofautisha. Mimi hilo la meza lingenikera kuliko tai.

Lakini kwa bibi wa ushungi, masharti hayo yana faida ambayo vijana hawaioni. Mahali ambapo wote wamefunikwa mpaka vifundoni, aliyejifunika zaidi hashangazwi na mtu.

#7 ShangaziMaryland

Mzee hapo umenena! Mimi ni mtu wa Carnival na Royal Caribbean, nazipenda, nitazipanda tena Mungu akijalia, lakini mama mkwe nisingempeleka huko hata kwa dawa.

Sikilizeni. Asubuhi watu wanawahi vitanda vya jua, wanaweka taulo na ndala kisha wanarudi kulala. Carnival wameweka sheria: kitanda kikikaa dakika 40 bila mwenyewe vitu vinaondolewa. Saa nane mchana pembeni ya bwawa muziki umewaka, kuna mashindano ya wanaume wenye manyoya kifuani, nawaambia ukweli wa Mungu, wanapita mmoja mmoja na majaji ni wanawake wa umri wangu. Mimi nacheka mpaka machozi. Bi mkubwa wa Unguja atashuka na boti ya kuokolea.

Kwa hiyo kwenye meli ya "vaa upendavyo" utakuta dada wa watu mwenye stara ndiye anayegeuka sinema, kwa sababu wenzake wote wamevaa vipande viwili. Burkini, lile vazi la kuogelea la kujistiri, nilivaa mimi mwenyewe, ya kitambaa halisi cha kuogelea, na hakuna mfanyakazi aliyenisemesha. Macho ya abiria yalikuwepo, ila macho hayachomi.

Usiku wa kupendeza nilishona kitenge, mikono ya puto, mkia kidogo nyuma. Nilipigwa picha na watu nisiowajua kuliko nahodha. Wabongo hatujashindwa kuvaa jamani, tunachoshindwa ni kupaki mabegi mepesi.

Halafu kuna jambo moja watu hawaambiwi: mkishuka Barbados au Jamaika, nguo yoyote yenye madoa ya kijeshi ni marufuku kisheria kwa raia, hata ya mtoto, hata kofia. Mpwa wangu ana suruali hiyo na anaipenda. Ilibaki nyumbani Silver Spring.

#8 BintiMakorora

Shangazi umenivunja mbavu, nimemsomea mume wangu.

NahodhaWaSahani, maswali mawili ya haraka. Mama haendi popote bila chetezo na udi wake, na ana pasi ndogo ya umeme ya kunyooshea nguo safarini. Vinaruhusiwa?

#9 NahodhaWaSahani

Vyote viwili vitachukuliwa pale mnapokaguliwa, mtavikuta mwisho wa safari. Kitu kinachoogopwa baharini kuliko dhoruba ni moto. Mshumaa, ubani, udi, jiko la aina yoyote, pasi, birika la umeme, hapana. Mama apake mafuta ya udi mwilini na nguo zake azifukize nyumbani kabla ya kufunga begi, harufu itafika New York.

Pasi msiwe na wasiwasi. Queen Mary 2 ina vyumba vya kufulia vya abiria, mashine na pasi bure. Onyo dogo: alasiri ya siku ya gala pale huwa pana foleni na pana maneno. Wazee wa kistaarabu wakigombea ubao wa pasi ustaarabu huwekwa kando. Apige pasi asubuhi.

#10 MwinyiWaMutrah

Assalaam alaykum. Naandika kutoka Maskati, wazee wangu wa Unguja, mimi nimezaliwa huku.

Yakhe, suala la kanzu limekwisha kusemwa, naongeza la upande wetu. Huku rasmi kabisa ni dishidasha, kilemba, na jambia kiunoni. Binamu yangu aliipanda meli pale Dubai akataka kufunga jambia lake usiku wa sherehe. Nilimwambia mapema: silaha ni silaha, hata ikiwa ya fedha na ya babu. Walinzi waliliweka, wakampa karatasi, akala chakula chake na mkanda mtupu. Kwa hiyo mumeo kama ana jambia la ukoo aliache Reading.

Joho jeusi juu ya kanzu linapendeza kuliko koti, kwa maoni yangu. Lakini lisiwe refu la kuburura, ngazi za meli zina chuma pembeni.

La pili ambalo hamkuuliza lakini mama atauliza siku ya kwanza: kibla. Kutoka London kibla ni kusini-mashariki. Kutoka New York ni kaskazini-mashariki, takribani nyuzi 58, kwa sababu tunahesabu njia fupi juu ya mviringo wa dunia. Kwa hiyo mkiwa safarini kibla kinahama kidogo kidogo kila siku. Dira ya simu ndani ya chuma kile chote itawadanganya. Bahati nzuri meli inakwenda magharibi, basi aelekee nyuma ya meli hatakosea sana njia nzima, na kama anataka uhakika zaidi aangalie ramani ya safari kwenye runinga ya kabini, inaonyesha meli inaelekea wapi.

Na nyakati. Kwenda magharibi saa zinarudishwa nyuma usiku, siku tano zinakuwa za saa 25. Watu wanafurahia usingizi. Mwenye kusali Alfajiri asitumie ratiba aliyoichapisha nyumbani, aangalie macheo yanayoandikwa kwenye gazeti dogo la meli.

#11 KobeMzito

Nimekuja kucheka, natoka na elimu ya kibla. Uzi uendelee.

#12 DadaMchuchumio

Mnaongea wanaume tu kuhusu koti na joho, mama mwenyewe hamjamvalisha. Nafanya kazi ya kushona Birmingham, wateja wangu wengine ni watu wa hizi meli, na mwenyewe nilishavuka na Queen Mary 2.

Gala kwa safari ya usiku saba kawaida ni mbili. Zinakuwa na rangi au mada: nyeusi na nyeupe, vinyago, nyekundu na dhahabu. Mada si lazima. Ukija umependeza kwa rangi nyingine hakuna anayekutazama mara mbili. Kwa hiyo mama anahitaji nguo mbili za sherehe na basi, hizo usiku mwingine tano anavaa zake za heshima za kawaida.

Dera la pamba la mchana usilibebe kwa gala, si kwa sababu ni dera, ni kwa sababu linajikunja na taa za ukumbi ule ni kali. Tafuta kitambaa chenye uzito kinachoanguka chenyewe: krepu, satini nzito, au lesi yenye bitana. Mkato uleule wa dera, shingo ya juu, mikono mpaka vifundo vya mkono, uzi wa dhahabu kifuani. Ushungi wa shifoni unaofanana. Hapo umemshonea mama gauni la gala na yeye anajiona yuko ndani ya dera. Buibui la Dubai la darizi nalo linapita bila swali, mimi niliwaona wanawake wawili nalo kwenye ukumbi wa Queens Room, wamekaa wanatazama dansi, wanahudumiwa chai kama malkia.

Viatu. Jina langu linajulikana lakini kwenye Atlantiki nilivua. Meli ni ndefu mita 345, imejengwa kwa ajili ya mawimbi, na bado kuna usiku inaegemea kushoto ukiwa umebeba sahani. Kiatu cha chini, soli ya mpira. Na sweta, tena zito, na koti la upepo. Watu wanapaki kama wanaenda Karibea. Ile ni bahari ya kaskazini, hata Julai staha ina baridi ya kuuma meno.

Mumeo siku za kawaida: suruali ya kitambaa na shati lenye kola, tai hiari. Asivae kaptula wala jinzi zilizochanika baada ya saa kumi na mbili.

#13 MchunguziKwamtogole

Sawa, nimesoma, kidogo nimelegea. Ila hamjajibu kuhusu pombe. Mlevi aliyevaa taksido si mlevi? Tena huyo ni mbaya zaidi kwa sababu anajiona bwana.

#14 NahodhaWaSahani

Ni mlevi, na mimi nimewabeba. Divai inamwagwa kila meza, kuna kasino, kuna baa karibu kila kona. Tofauti ni sauti na saa. Meli ya sherehe ulevi unaanza bwawani saa tano asubuhi na kipaza sauti juu. Meli ya suti ulevi unaanza baada ya chakula, ndani, na piano. Mama akiondoka mezani saa nne usiku hatauona. Mchana kule Queen Mary 2 kuna maktaba kubwa, mihadhara, ukumbi wa kutazama nyota za bandia, chai ya alasiri yenye vijana wa glavu nyeupe. Chakula cha halali aombe wakati wa kununua tiketi, asingoje apande.

Lakini nawaambieni shida yenyewe ya masharti ya nguo, maana sisi wahudumu ndio tunaoiona. Wafanyakazi hawana muda wa kumchunguza mtu. Wanaochunguza ni abiria wenzake. Meli moja niliyofanya kazi, mzee fulani alimwita mkuu wetu wa mgahawa akalalamika kwamba bwana wa meza ya jirani hana tai. Bwana mwenyewe ni Mhindi, amevaa sherwani ya hariri, vifungo vya lulu, nguo ambayo ukiiuza unanunua suti za meza nzima. Mkuu wetu akaeleza kwa adabu kuwa hilo ni vazi rasmi la kwao. Mzee akasema, "Basi angeandika." Angeandika wapi, hakusema. Watu wa hivyo ni wachache na wanajulikana, kila safari wapo, mara nyingi ndio waliosafiri mara nyingi na wanadhani meli ni yao. Mama akikutana na mmoja asijibu, amtabasamie tu. Wanachukia kutabasamiwa.

Na sisi tulikuwa na masharti makali kuliko abiria yeyote, hilo haliandikwi kwenye vijitabu. Jina na nchi kifuani muda wote, ndevu kwa kipimo, pete zinahesabiwa. Mhudumu hakanyagi sehemu za wageni na nguo zake za nyumbani bila ruhusa. Chini kuna njia ndefu ya wafanyakazi inayopita meli nzima, meli za Kimarekani wanaiita I-95 kama barabara yao. Huko ndiko tunakotembea na ndala na kusikiliza taarabu kwenye simu. Ukimwona kijana ana "Kenya" au "Tanzania" kifuani, msalimie kwa Kiswahili. Siku yake itabadilika.

#15 KijanaDarajani

Nimepita tu, mimi natembeza wageni Mji Mkongwe. Nacheka na kulia. Nyinyi mnahangaika mama asionekane vibaya kwao, na sisi meli zao zikitia nanga hapa Malindi wanatushukia na vichupi mpaka Darajani sokoni, karibu na msikiti, saa ya Ijumaa. Serikali imesema mara ngapi: funika mabega mpaka magoti.

#16 MzeeWaKumbukumbu

Na ndani ya meli hiyohiyo usiku watavaa tai.

#17 KijanaDarajani

Ndiyo, mzee! Niliwahi kumwuliza mmoja, akanijibu kwamba kwenye meli kuna masharti, hapa yuko likizo. Sikumjibu, alikuwa mgeni wangu na bakshishi bado. Ila nimejifunza kitu: gazeti la meli la usiku uliotangulia likiwa na mstari mmoja tu unaosema mji huu ni wa Waislamu, fungeni mabega, wanashuka wamevaa vizuri karibu wote. Lisipoandika, hawajui. Nabeba kanga kadhaa kwenye begi, nawafunga kiunoni, wanafurahi, wengine wanazinunua palepale. Kwa hiyo hata lawama nimeipunguza. Wakala wa meli ndiye wa kubanwa, si yule bibi wa watu mwenye kofia ya majani.

#18 MwinyiWaMutrah

Huku kwetu Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos walishamaliza mjadala: mwanamke nywele, mikono na miguu vifunikwe, mwanamume asije na kaptula. Ukija vingine huingii, na karibu na mlango kuna abaya za kukodi. Basi la meli zima linasubiri mtu mmoja avae. Hawalalamiki. Wanaandika kwenye kurasa zao kwamba ilikuwa siku nzuri.

#19 ShangaziMaryland

Kwa hiyo wote tunakubaliana kwamba mlango ukiwa na mtu anayesema hapana kwa adabu, watu huvaa?

#20 MchunguziKwamtogole

Mimi sijakubaliana na chochote. Ila nataka kujua hayo makoti ya kuazima yana saizi yangu.

#21 BintiMakorora

Jamani nashukuru sana, sikutegemea. Nimemsomea mama mkwe uzi mzima jana usiku, ukiacha ile ya manyoya kifuani. La kibla ndilo lililomshawishi, akasema kama watu wa huko wanajua kibla kiko wapi basi si mahali pabaya. Kuhusu udi amenuna lakini atafukiza nguo. Mume wangu amechagua kanzu na koti, joho amelikataa, anasema atafanana na kadhi.

DadaMchuchumio nimekutumia ujumbe pembeni kuhusu vipimo.

Swali la mwisho kwa Nahodha. Mfumo unatutaka tuchague meza: ya watu wawili, wanne, sita au nane. Na kuna awamu mbili za chakula, ya saa kumi na mbili na ya saa mbili na nusu. Sisi ni watatu. Mama hapendi kukaa na wageni wanaokunywa, lakini pia anapenda watu, mkimweka peke yake atanuna safari nzima. Tufanye nini?

#22 NahodhaWaSahani

Awamu ya kwanza, bila kufikiri. Wazee wa mapema, familia, na watu wanaotaka kuwahi onyesho wako hapo. Saa mbili na nusu ndiyo ya divai ndefu.

Meza chagua ya sita. Ya wanne mkiwa watatu mnaweza kuwekewa mtu mmoja, na akiwa hafai hamna pa kukimbilia. Ya sita mnachanganyika, na mama akae pembeni yenu nyinyi wawili. Waandikieni mapema kwamba mna mzee asiyekunywa, mnaomba majirani watulivu. Hawaahidi, lakini wanasoma.

Ikitokea mmepangiwa vibaya msivumilie mpaka siku ya nne. Siku ya kupanda meli, mchana, mkuu wa mgahawa huwa amekaa mahali na ramani ya meza kwa ajili ya kazi hiyo tu. Ulizeni mapokezi yuko wapi. Mpeleke mama mwenyewe, na ushungi wake, amsalimie. Saa kumi na mbili jioni mtakuta meza imebadilika.